Dhoruba na Wingu la Wadudu kwa Mvuvi wa Dagaa Ziwa Victoria: Dalili, Chanzo na la Kufanya

Anayevua dagaa Ziwa Victoria anafanya kazi saa mbaya kuliko zote, na hana namna. Mbalamwezi ikiwaka taa haina nguvu, kwa hiyo anaingia ziwani siku za giza, anawasha taa usiku na kuvuta wavu mpaka karibu na alfajiri. Saa hizo ndizo ziwa hili hujifungulia dhoruba zake. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, na mvua za radi hunyesha alasiri huko juu, kama wanavyojua watu wa Kisumu na Kericho. Usiku mambo hugeuka. Nchi inapoa, maji yanabaki na joto la nyuzi 24 hadi 26 hivi, na upepo wa nchi kavu unaingia ziwani kutoka pande zote. Pepo hizo zikikutana katikati, ile hewa yenye unyevu haina pa kwenda ila kupanda. Wingu la radi linazaliwa hapo, mara nyingi kati ya saa sita usiku na asubuhi, kisha pepo zinazotoka mashariki hulisukuma upande wa magharibi. Ndiyo maana Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na Musoma, ng'ambo ya pili, kama nusu yake.

Halafu kuna wadudu. Vile vijidudu vya ziwa vinavyopanda kama moshi, huibuka kwa wingi zaidi karibu na mwezi mwandamo. Watafiti waliliandika hilo tangu miaka ya 1950. Kwa hiyo giza, dagaa, wadudu na radi vinakutana kwenye wiki moja na usiku mmoja.

Maelezo haya ni kwa mwenye mtumbwi wa mbao, injini ya nyuma na taa. Kila dalili imeanzwa na chanzo kinachotokea mara nyingi na ukaguzi usiohitaji chombo chochote.

"Kuna kitu cheusi kimesimama juu ya maji, hatujui ni mvua au wadudu"

Wengi hukosea hapa, na wanakosea kwa pande zote mbili: wengine wanakimbia wadudu na kupoteza usiku mzima, wengine wanaisubiri mvua wakidhani ni wadudu.

Mara nyingi, hasa asubuhi na jioni ziwa likiwa limetulia, ni wadudu. Angalia nguzo yenyewe imeanzia wapi. Wadudu wanapanda kutoka majini: chini ni wazito, juu wanakuwa wembamba na kuyumba, na mara nyingi mbingu juu yao ni nyeupe tu. Mbayuwayu na shakwe wakiwa wanakata humo ndani, hao ni wadudu. Mvua inaning'inia kutoka kwenye tumbo la wingu jeusi na kushuka, na ukiangalia chini yake huoni mstari wa upeo wa maji.

Kama ni usiku na huoni kitu, tumia shavu. Wingu la wadudu haliji na ubaridi. Ukisikia hewa baridi inakupiga kutoka upande wa giza lile, usiendelee kubishana na wenzako.

Mara chache utaona bomba jembamba limeshuka kutoka wingu mpaka majini, na maji chini yake yanaruka. Hiyo ni chamchela ya majini, na ziwa hili linazo. Usiikaribie kupiga picha. Angalia inaelekea wapi kwa kuilinganisha na kisiwa au kilima kilicho nyuma yake, kisha kata njia kwa pembe mraba uiache ipite. Ukiona haisogei kushoto wala kulia ila inanenepa tu, inakuja kwako.

"Umeme unamulika mbali lakini radi haisikiki"

Chanzo cha kawaida ni umbali. Usiku umeme huonekana kutoka mbali sana, wakati ngurumo husafiri kilomita kama 15 tu, na upepo ukiwa kinyume hata hizo hazifiki. Kutosikia hakumaanishi kwamba wingu halina nguvu.

Ukaguzi wa kwanza ni kujua liko upande gani. Likiwa mashariki yako, lichukulie kwamba linakuja. Likiwa magharibi, huenda linaondoka, ingawa upepo unaomwagika kutoka chini yake unaweza kurudi hadi ulipo. Mtu wa kisiwa cha Ukerewe na mtu wa kisiwa cha Goziba wakiuona umeme uleule katikati ya ziwa hawapaswi kuamua sawa: wa Goziba, aliye magharibi, ndiye mwenye haraka.

Ukaguzi wa pili ni kuhesabu. Umeme ukimulika, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, gawanya kwa tatu, hizo ndizo kilomita. Sekunde 30 ni kilomita kama 10. Ikifika hapo, au hesabu ikipungua kila mara unapohesabu upya, kazi imekwisha. Kilomita 10 zinaonekana nyingi kwa anayepiga kasia. Kwa wingu linalokwenda na upepo ni dakika chache.

Kinachowachelewesha watu hapa ni wavu. Nisemavyo mimi, ziwani wavu umeua kuliko radi. Umeshaushusha, taa zimekusanya dagaa tangu saa tatu usiku, mafuta umekopa, mwenye mtumbwi yuko nchi kavu anasubiri hesabu. Kila mtu mtumbwini anaijua hiyo hesabu, hivyo hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema turudi. Suluhisho ni kulimaliza jambo hili kabla ya kuondoka mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa ufukweni: nahodha na mwenye chombo wakubaliane kwamba ngurumo ya sekunde 30 inamaanisha kukata, na hakuna atakayeulizwa. Mtumbwini kuwe na kisu kimoja kilichofungwa kwa kamba mahali panapojulikana, na dumu tupu la lita 20 lenye kifuniko kizima. Funga dumu kwenye kamba ya wavu, kata, ondoka. Kesho utalikuta linaelea. Taa zinazoelea nazo ziache.

"Upepo umekatika ghafla, joto limezidi, kisha ubaridi umeingia"

Huu ndio mlango wa dhoruba yenyewe. Wingu kubwa hunyonya hewa, upepo wa kawaida unakufa, maji yanakuwa laini kama mafuta. Kisha mvua inayoanza kushuka ndani ya wingu inaburuta hewa baridi, ambayo inapiga maji na kutawanyika pande zote mbele ya mvua. Upepo huo wa kwanza ndio mkali kuliko unaofuata. Watu wengi hupinduliwa kabla hawajalowa hata tone la mvua.

Una dakika, si saa. Fanya haya kwa mpangilio huu:

Kwanza, kila mtu avae jaketi la kuokolea maisha. Lililowekwa chini ya ndoo halisaidii. Gizani, mtumbwi ukiwa unarushwa, huwezi kulivaa. Kama hayatoshi, funga madumu matupu yenye vifuniko, kila mtu lake.

Pili, shusha uzito. Watu wakae sakafuni katikati, siyo juu ya mbao za kukalia. Betri, ndoo na kamba zifungwe. Kama umejaza dagaa mpaka ukingoni, mwaga. Najua.

Tatu, amua kukimbia au kukaa. Kimbia tu kama kuna sehemu iliyokingwa na upepo ambayo una hakika utaifikia kabla ya upepo, na ambayo unaweza kuingia bila kupita kwenye miamba. Ukanda wa mawe unaopigwa na mawimbi ni mbaya kuliko ziwa wazi, kwa sababu mawimbi yakifika maji mafupi yanasimama na kuvunjika. Usikimbie kuelekea magharibi ukiwa na wingu mgongoni: mnakwenda njia moja, na lenyewe lina mwendo kukuzidi. Kata kaskazini au kusini.

Nne, ukiamua kukaa, elekeza mbele ya mtumbwi kwenye mawimbi, kwa pembe kidogo, injini ikiwa na mwendo mdogo wa kutosha kuushika usukani. Ubavu ukigeukia mawimbi, umekwisha. Injini ikikataa au mafuta yakiwa madogo, funga ndoo au gunia lenye mdomo wazi kwenye kamba ndefu, mita 20 au zaidi, na ulitupe kutoka mbele. Litaburuta majini na kuushikilia mtumbwi ukiangalia upepo. Nanga ya kawaida haifai kila mahali: ziwa lina wastani wa kina cha mita 40, na kamba fupi inayokaza ghafla inaivuta pua ya mtumbwi chini ya wimbi.

Kuhusu radi yenyewe, ndani ya mtumbwi wa wazi hapana mahali salama. Kuna penye nafuu tu. Laza mlingoti, mianzi ya taa na kila kilichosimama. Toa mikono majini. Usishike injini ikiwa huiendeshi, wala nyaya za betri. Mitumbwi miwili isifungwe pamoja. Itapigana na kupasuka.

*Usiendelee mwenyewe:* kama bado una mtandao wa simu na mtumbwi umeanza kuingiza maji kuliko mnavyoweza kuyatoa, piga simu sasa, kabla simu haijalowa. Namba 112 inafanya kazi Tanzania, Kenya na Uganda. Mpigie pia mtu wa kamati ya mwalo wako, maana mara nyingi mtumbwi wa kwanza kufika ni wa wavuvi wenzako. Taja watu wangapi, kisiwa gani kilicho karibu na kiko upande gani wenu. Bukoba, asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ilipoanguka ziwani hali ya hewa ikiwa mbaya, wavuvi walikuwa miongoni mwa wa mwanzo kufika na mitumbwi yao.

"Injini imezima na wingu linakuja"

Karibu kila mara ni kitu kidogo. Usianze kufungua kabureta.

Chanzo cha kwanza: kamba ya kuzimia injini imechomoka wakati watu wanahamahama. Irudishe.

Cha pili: tundu la hewa kwenye kifuniko cha tangi limefungwa. Injini huwaka, inakwenda dakika chache, inakohoa, inakufa. Legeza kizibo, minya ile pampu ya mkono kwenye mpira wa mafuta mpaka iwe ngumu, vuta tena. Pampu isipokuwa ngumu, mpira umechomoka au unavuta hewa.

Cha tatu: propela imeshikwa. Injini inazima palepale kwa mshtuko. Kama ulikuwa unageuza karibu na wavu wako, usitafute kingine. Gugumaji hufanya hivyo pia, lakini hilo huanza kwa injini kulemewa kabla ya kuzima. Zima kabisa, chomoa kamba ya kuzimia ili mtu asivute kwa bahati mbaya, inua, kata. Injini ikiunguruma vizuri lakini mtumbwi hausogei, pini ya propela imekatika. Akiba ya pini na koleo ndogo havina uzito wa kukufanya uviache nyumbani.

Cha nne: maji kwenye petroli. Dumu lililokaa wazi kwenye mvua, au mafuta ya kuuziwa mwaloni ambayo hujui yamepita wapi. Injini inawaka, inapandisha na kushusha sauti, inakufa. Mwaga kidogo kwenye chupa nyeupe na usubiri: maji yatakaa chini. Badilisha dumu, mwaga kilichomo kwenye kikombe cha chujio kama injini yako inacho.

Cha tano: imelewa mafuta kwa kuvutwa mara nyingi na choki ikiwa imevutwa. Harufu ya petroli itakwambia. Rudisha choki, fungua plagi, ifute, vuta mara kadhaa bila plagi huku uso ukiwa mbali na hakuna karabai inayowaka karibu, rudisha, jaribu.

Vipi kuhusu wadudu? Watu hudai injini imekunywa wadudu. Hutokea, lakini si kwa wingi kama inavyosemwa. Kifuniko cha injini kikiwa kimepasuka au kimeachwa wazi, taa ikiwa jirani, wadudu hujaa mdomo wa hewa na injini inakosa pumzi: inazunguka kwa shida, moshi mweusi. Fungua kifuniko, wapanguse kwa kitambaa kikavu. Usiwapulize kwa mdomo kuelekea ndani.

*Acha:* kama mchirizi wa maji unaotoka nyuma ya injini umekatika, au umesikia mgongano wa vyuma, usiendelee kuvuta. Kwanza safisha tundu la kuingizia maji, huenda lina karatasi au majani. Likiwa safi na maji hayatoki, hiyo ni kazi ya fundi nchi kavu; ukiilazimisha itakwama kabisa na hutakuwa hata na dakika kumi za akiba. Shusha ndoo ya kuburuta, shika makasia.

"Mtumbwi unavuja, na hatukugonga kitu"

Anza na chanzo cha kawaida: pamba ya kalafati, ile inayoziba nyufa za mbao, imetoka kwenye maungio. Dhoruba hupinda mbao, mwanya hufunguka, ukifika nchi kavu unajifunga tena na hupaoni. Tafuta ndani gizani kwa tochi huku mwenzako akikumba maji. Mahali panapovuja huwa pana mstari mwembamba unaosogea. Sindilia kitambaa chenye grisi kutoka ndani. Ni cha kukufikisha tu.

Chanzo ambacho watu hawakitafuti kimo kwenye wadudu haohao. Kuna mmoja, jina lake la kitaalamu ni Povilla adusta, ambaye akiwa mchanga huishi majini na hutoboa vijitundu kwenye mbao zilizozama. Huyu haibuki na wale wa mwezi mwandamo: wakubwa wake, wenye mabawa meupe, hutoka usiku wa siku zinazofuata mbalamwezi pevu, wanaishi saa chache tu, na asubuhi utakuta mabawa yamejaa kwenye maji na mwaloni. Ukiwaona wengi mwaloni kwako, ujue wachanga wao wamo kwenye nguzo na mbao za hapo. Pandisha mtumbwi, uuache ukauke, kagua sehemu inayokaa chini ya maji kwa ncha ya kisu. Ncha ikizama kirahisi, au ukiona matundu mengi yenye upana wa kalamu, ubao huo haukalafatiwi, unabadilishwa. Fundi wa mitumbwi atakwambia mbao ngapi. Kabla hajakwambia usiingie nao ziwani, hata kama kumetulia. Wavuvi wanaopaka rangi na kutoa mitumbwi majini siku za mbalamwezi wana sababu nzuri kuliko mapumziko.

"Umepinduka"

Kaa na mtumbwi. Mbao zinaelea hata zikiwa zimejaa maji, na anayekutafuta ataona mtumbwi kabla ya kichwa. Usiku taa za nchi kavu huonekana kama ziko karibu. Waogeleaji wazuri wamepotea wakizifuata. Panda juu ya tumbo la mtumbwi kadiri inavyowezekana, shikaneni mikono kutoka pande mbili, hesabuni majina kwa sauti kila baada ya muda. Maji ya nyuzi 25 hayakuui kwa dakika, lakini baada ya saa kadhaa mwili hupoa, mtu anaanza kuongea ovyo na kuachia mkono. Mfungeni kwa kamba kwenye mtumbwi.

Aliyetolewa majini na hapumui, anza kumpulizia pumzi na kumkandamiza kifua hapohapo, hata mtumbwini. Aliyepigwa na radi hana umeme mwilini. Mguse bila hofu, mwanzishie vivyo hivyo. Usimpe pombe ya kumpasha moto. Na aliyekunywa maji akatapika, akainuka akasema yuko sawa, apelekwe kituo cha afya akaangaliwe. Kikohozi kinachoongezeka au pumzi fupi saa chache baadaye si mafua.

"Wadudu wamefunika taa na dagaa hawapandi"

Hapa hakuna anayekufa, ila usiku unaweza kupotea.

Kabla ya kulaumu wadudu, angalia mwezi na majirani. Mwezi ukiwa umeshapanda, au mitumbwi mingine yenye taa kali ikiwa imekuzunguka, dagaa wametawanyika. Maji yaliyovurugwa na dhoruba ya jana nayo huzuia mwanga kushuka.

Kama si hayo, panguse taa. Tabaka la wadudu waliolowa kwenye kioo linakula mwanga mwingi, na kwenye karabai hushuka mpaka kwenye mdomo wa gesi na kuufanya mwali uwe mwekundu na kutoa masizi. Kwa taa za betri tumia kitambaa chenye unyevu. Kwa karabai zima kwanza, subiri ipoe. Kioo cha moto kikiguswa na maji kinapasuka.

Wadudu wenyewe si adui wa dagaa. Dagaa hula vijidudu vidogo vya majini, wachanga wa hawa wakiwemo, kwa hiyo wingu likishukia taa linaweza hata kusaidia. Shida ni ya kwenu mtumbwini. Taa ya kufanyia kazi, ile ya kichwani au ya kuangalizia wavu, iwe ya njano au nyekundu. Mwanga mweupe wenye ubuluu ndio unaowaita zaidi. Taa nyeupe ziache zielee mbali, zivute wote wawili, dagaa na wadudu.

Wakizidi kabisa, zima zote kwa robo saa, sogea upande unaotoka upepo, washa tena. Wingu ni zito lakini halina nguvu ya kwenda kinyume cha upepo.

"Wameingia machoni, puani, kifuani"

Wadudu hawa hawaumi wala hawana sumu ya kuuma. Ziwa Nyasa huitwa kungu, na watu huwakusanya wakawakanda na kuwakausha kuwa mikate. Wanaouma usiku huohuo ni mbu waliochanganyika nao, na dawa yao ni mikono mirefu.

Jicho: usisugue. Osha kwa maji safi ya kunywa, kuanzia upande wa pua kwenda nje. Likibaki jekundu na maumivu mpaka kesho yake, hospitali, siyo matone ya kuazima.

Sikio: mdudu anayepigapiga ndani unaweza kumtuliza kwa matone machache ya mafuta ya kula ambayo hayana moto, kichwa kikiwa kimelazwa. Usitumie kijiti. Kama sikio limewahi kutoboka au linatoa usaha, usiweke chochote.

Pua na mdomo: leso nyembamba iliyolowa inatosha. Usikimbie ukipumua kwa kinywa ndani ya wingu; inama, geuza mgongo, subiri lipungue.

Kifua ndicho cha kuangalia. Vumbi la wadudu waliokufa huamsha pumu na mzio kwa baadhi ya watu, na huzidi kadiri wanavyokutana nalo mwaka hadi mwaka. Mwenye pumu asiingie ziwani siku za wadudu bila dawa yake ya kuvuta, na wenzake wajue anaiweka wapi. *Rudini nchi kavu mara moja* ukisikia kifua kinapiga mluzi baada ya kuvuta dawa, mtu hawezi kumaliza sentensi, midomo inabadilika rangi, au uso na ulimi vinavimba. Hilo halisubiri wavu wa mwisho.

"Radi imekoma, turudi kutega?"

Hesabu nusu saa tangu ngurumo ya mwisho uliyoisikia. Ikisikika nyingine, anza upya. Miezi ya masika na vuli mawingu hufuatana, na la pili mara nyingi hukukuta umechoka, umelowa, na nusu ya mafuta. Kama saa imeshapita tisa usiku na uko upande wa magharibi, sioni sababu ya kurudi. Saa zinazobaki ni zilezile zinazoleta mvua ya Bukoba.

Kabla ya safari ya kesho, pata utabiri wa jioni wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania au wa idara ya nchi yako, redioni au kupitia kamati ya mwalo. Usikilize eneo lako la ziwa, siyo la mji: utabiri wa Mwanza mjini unaweza kusema jua huku katikati ya ziwa kukiwa na onyo la upepo. Ukiwa umewahi kuvua Bahari ya Hindi, sahau mazoea ya kuhesabu kusi na kaskazi. Huko upepo una msimu. Huku una saa.

Kuhusu dagaa waliolowa kwenye vichanja wakati ninyi mnapigana na ziwa: wasirundikwe chini ya turubai, watachacha kabla ya mchana. Watandazeni wembamba chini ya paa lolote linalopitisha hewa, hata kama ni ukumbi wa mtu, na wadudu waliogandia wapeperusheni wakishakauka, kwa ungo.